Vibete vya kahawia: Nyota zilizokosa kuwaka zinavyosakwa kwa redio na eksirei

Mimi ni mzaliwa wa Malindi ila riziki imenileta bara. Nalala Ruiru, na kila Jumamosi napanda matatu kwenda Thika kufundisha fizikia kwa vijana wa sekondari wanaotaka masomo ya ziada. Juzi tulikuwa kwenye mada ya mawimbi. Nikataja kwamba angani kuna nyota ambazo hazikuwahi kuwaka. Binti mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono: "Mwalimu, sasa kama haiwaki, mtu anajuaje iko?"

Kabla sijajibu, kijana wa nyuma akasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu. Na hayako kwa mtihani." Darasa likacheka. Yule binti akafunga daftari. Nami, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, nikatoa jibu la haraka lisilo na maana nikaenda zangu.

Swali lile limenikaa moyoni. Ni swali zuri, na wataalamu wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 25. Tena sehemu kubwa ya jibu lake ilianzia kwetu Pwani, kwenye bahari ya Ngomeni. Basi haya ndiyo maelezo niliyopaswa kumpa. Nayaandika hapa ili nanyi wa nyumbani myasome, kwa sababu mna sehemu yenu katika jambo hili.

Kibete cha kahawia ni kitu gani?

Nyota huzaliwa pale wingu kubwa la gesi linapojikusanya kwa nguvu ya uvutano. Likibanwa sana, kiini chake hupata joto kali mpaka haidrojeni inaungana na kuwa heli. Huo ndio moto wa Jua letu. Lakini si kila wingu lina gesi ya kutosha. Kitu kikiwa na uzito wa chini ya takriban mara 75 hadi 80 ya sayari ya Mshtarii, kiini chake hakifikii joto la kuwasha haidrojeni na kuendelea kuiwaka. Kitu hicho ndicho kiitwacho kibete cha kahawia. Kwa upande wa chini, mpaka unaotumika sana ni uzito wa takriban Mshtarii 13. Chini ya hapo wengi huita sayari.

Fikiria mafiga baada ya moto kuzimwa. Hayana moto wake mwenyewe, ila ukiyagusa bado yana joto. Kibete cha kahawia ni hivyo hivyo. Kina joto la kuzaliwa, nalo linapungua pole pole kwa mamilioni na mabilioni ya miaka.

Hesabu za kwanza zilifanywa na Shiv Kumar mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina lenyewe lilibuniwa mwaka 1975 na mwanafalaki Jill Tarter. Hata hivyo ilichukua hadi mwaka 1995 kuvithibitisha. Mwaka huo vilitangazwa viwili: Gliese 229B, kinachozunguka nyota iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 19, na Teide 1, kilichopatikana na wataalamu wa Visiwa vya Canary. Teide 1 kimo ndani ya Kilimia. Ndiyo, Kilimia ile ile ambayo wakulima na mabaharia wa Pwani wameitazama tangu zama za mababu kujua majira ya mvua na upepo.

Kwa nini kusaka redio na eksirei?

Vibete hivi hutoa mwanga kidogo sana wa kuonekana kwa macho. Joto lao huonekana kwa darubini za infraredi. Lakini joto linakuambia tu kwamba kitu kipo na kina umri au uzito gani. Halikuambii kama kina uga wa sumaku, na uga huo una nguvu kiasi gani. Kwa hilo unahitaji ishara mbili nyingine.

Ya kwanza ni eksirei. Kwenye Jua, nyuzi za sumaku hukatika na kuungana upya, zikipasha gesi ya juu mpaka mamilioni ya nyuzi joto. Gesi ya joto hilo hung'aa kwa eksirei. Ya pili ni mawimbi ya redio. Hayo hutolewa na elektroni zinazokwenda kwa kasi kubwa huku zikizunguka nyuzi za sumaku.

Kwa nyota za kawaida, ishara hizi mbili hutembea pamoja kama mapacha. Mwaka 1993 Manuel Güdel na Arnold Benz walionyesha kwamba ukijua nguvu ya eksirei ya nyota yenye vurugu za sumaku, unaweza kukisia nguvu ya redio yake, na kinyume chake. Kanuni hiyo inashika kwa nyota nyingi sana za aina mbalimbali. Swali likawa: je, vibete vya kahawia navyo vinaifuata?

Mlango ulifunguliwa Ngomeni

Hapa ndipo Pwani inaingia. Hewa ya Dunia huzuia eksirei za angani, na heri ifanye hivyo, maana zingetudhuru. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuziona akiwa chini, si Ruiru wala California. Lazima chombo kipande juu ya hewa. Tarehe 18 Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo huko Marekani iliyokaa juu kwa dakika chache tu. Ikagundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wetu wa Jua. Dakika chache hazikutosha. Walihitaji setilaiti.

Setilaiti hiyo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa mradi wa Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio, na roketi ilikuwa ya Marekani aina ya Scout. Sababu za kuchagua kwetu zilikuwa mbili. Karibu na ikweta, mzunguko wa Dunia huipa roketi msukumo wa bure inaporushwa kuelekea mashariki. Pili, njia inayofuata ikweta huiepusha setilaiti na eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu hushuka chini na kuvuruga vipimo.

Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ikaitwa Uhuru. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani pekee. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Babu yangu alikuwa mvuvi. Alipenda kusimulia moshi mweupe uliopanda kutoka baharini, na namna watu walivyosimama ufuoni wakitazama. Hakuwahi kuambiwa kilichopanda kilikwenda kufanya nini. Mimi mwenyewe nilisoma fizikia mpaka chuo bila mwalimu hata mmoja kunitajia jambo hilo darasani.

Usiku wa Desemba 1999

Mwaka 1976 Giacconi na Harvey Tananbaum walipendekeza darubini kubwa ya eksirei. Ilichukua muda mrefu, lakini Julai 1999 ikarushwa kwa jina la Chandra. Kwa maneno mengine, Chandra ni mjukuu wa Uhuru.

Vibete vichanga vilikuwa vimeshaonekana kwa eksirei. Mwaka 1998 wataalamu walitangaza kwamba setilaiti ya Ujerumani, ROSAT, ilikuwa imepokea eksirei kutoka kibete kichanga kilichomo katika kundinyota Kinyonga. Hilo halikushangaza sana. Kitu kichanga bado kina joto kali na vurugu nyingi. Swali gumu lilikuwa juu ya kibete kilichozeeka na kupoa.

Tarehe 15 Desemba 1999, Chandra ilikikodolea macho kibete kiitwacho LP 944-20, katika kundinyota Tanuri. Kina umri wa takriban miaka milioni 500 na uzito wa Mshtarii takriban 60, na kiko umbali wa miaka ya nuru 21. Darubini ilitazama kwa saa 12. Saa tisa za mwanzo hazikuleta kitu. Kisha eksirei zikaanza kumiminika ghafla, zikaendelea kwa muda wa saa mbili hivi, zikafifia. Nguvu ya mlipuko huo ililingana na mlipuko mdogo wa Jua. Ukilinganisha na eksirei za Mshtarii, ilikuwa mara bilioni moja zaidi.

Hebu fikiria kama wangekata tamaa saa ya nane.

Redio iliyokataa kanuni

Baada ya eksirei kuonekana, wanafunzi fulani waliokuwa kwenye mafunzo ya likizo katika kituo cha redio cha VLA, New Mexico, walitaka kujaribu kukisikiliza kibete kile kile. Waliongozwa na Edo Berger, naye akiwa bado mwanafunzi wa uzamili. Kwa kanuni ya Güdel na Benz, redio yake ilipaswa kuwa dhaifu mno hata VLA yenye madishi 27 isiisikie. Mtu wa hesabu angewaambia wasijisumbue.

Wakasikiliza. Redio ilikuwepo, na ilizidi makadirio kwa takriban mara 10,000. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature Machi 2001. Kanuni iliyoshika kwa nyota nyingi ilikuwa imevunjika mbele ya kitu kisichowaka, na waliovunja walikuwa wanafunzi.

Mapacha wanaachana kwa sababu gani? Maelezo yanayokubalika na wengi ni haya. Kadiri kibete kinavyopoa, gesi ya juu yake inazidi kuwa isiyo na chaji za umeme. Gesi ya namna hiyo haishikamani na nyuzi za sumaku, hivyo nyuzi haziwezi kusokotwa na kupasha gesi kama inavyotokea kwenye Jua. Eksirei zinafifia. Lakini uga wenyewe wa sumaku haufi. Kibete kinazunguka upesi, mara nyingi kwa saa chache tu, na uga wake huzisukuma elektroni kuelekea kwenye ncha zake. Hapo zinatoa redio, kwa namna ile ile ya Mshtarii, ambaye redio yake iligunduliwa mwaka 1955. Yaani kwa upande wa redio, kibete kinatenda kama sayari kubwa kuliko kama nyota ndogo.

Redio ya aina hii ina faida kubwa. Masafa yake yanakupa nguvu ya uga moja kwa moja: kila gausi 1 ni sawa na megahezi 2.8. Mwaka 2012 Matthew Route na Aleksander Wolszczan walitangaza kwamba darubini ya Arecibo, Puerto Rico, imepokea milipuko ya redio kwenye gigahezi 4.75 kutoka kibete baridi kiitwacho J1047+21. Gawanya, utapata takriban gausi 1,700. Uga wa Dunia ni kama nusu gausi. Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza bila kikokotoo cha gharama.

Jirani aliye kimya

Mwaka 2013 Kevin Luhman alitangaza vibete viwili vinavyozungukana, umbali wa miaka ya nuru 6.5 tu. Vinaitwa Luhman 16. Ukiacha nyota tatu za Alpha Centauri na nyota ya Barnard, hatuna majirani wa karibu zaidi yao. Vimo katika kundinyota Tanga, tanga la merikebu. Jioni za Aprili na Mei, ukitazama kusini, Msalaba wa Kusini ukiwa kushoto kwako, Tanga liko upande wa kulia. Vibete vyenyewe huwezi kuviona kwa macho, lakini unajua vimejificha wapi.

Kila mtu alitazamia kwamba jirani wa karibu hivi atasikika. Rachel Osten na wenzake walielekeza madishi ya redio ya Australia na darubini ya Chandra, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo: hakuna redio, hakuna eksirei. Kimya kabisa.

Hapa wengi hukosea. Wanadhani utafiti usiopata kitu umepotea bure. La. Kwa kuwa Luhman 16 viko karibu sana, kimya chao kiliweka mpaka wa chini kuliko wowote uliokuwa umewahi kuwekwa kwa vitu vya aina hii. Sasa tunaweza kusema kwa yakini: kama vina redio au eksirei, haizidi kiasi fulani kidogo. Mvuvi anayerudi na wavu mtupu kutoka kwenye mwamba fulani amejua kitu kuhusu mwamba huo, mradi wavu ulikuwa mzima na saa zilikuwa sahihi.

Kwa jumla, takriban kibete kimoja kati ya kumi vinavyosikilizwa ndicho husikika kwa redio. Huenda vingine redio yao imeelekezwa kwingine, kama taa ya mnara wa pwani inayopita mbali na chombo chako. Huenda huwaka na kuzima. Ndiyo maana msako unaendelea.

Afrika nayo inasikiliza

Mwaka 2015 Gregg Hallinan na wenzake walionyesha kwamba LSR J1835+3259, kitu kilicho mpakani mwa nyota na kibete, umbali wa miaka ya nuru 18 na kidogo, kina nuru za ncha kama zile za kaskazini mwa Dunia, ila zenye nguvu kupita kiasi. Mwaka 2023 Melodie Kao na wenzake walipiga picha ya mkanda wa chembe zilizonaswa na sumaku kukizunguka kitu hicho hicho. Ulikuwa mkanda wa kwanza wa aina hiyo kupigwa picha nje ya mfumo wetu wa Jua.

Mwaka huo huo wa 2023, Kovi Rose wa Sydney na wenzake walitangaza redio kutoka WISE J0623, kibete kilicho umbali wa miaka ya nuru 37. Joto la uso wake ni takriban nyuzi 425 za selsiasi. Makaa yaliyokolea vizuri kwenye jiko la nyumbani yana joto kuliko hilo! Kiligunduliwa kwa darubini ya Australia, na miongoni mwa zilizothibitisha ilikuwamo MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye madishi 64 katika nyika ya Karoo. Kule kuna sheria inayolinda utulivu wa redio. Kituo kama hicho hakingefaa Ruiru. Simu zetu, minara yetu na barabara kuu ya Thika vina kelele za kuzima sauti ya kibete chochote. Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa zaidi wa redio, SKA, utakaoimeza MeerKAT ndani yake.

Na Malindi je? Roketi ya mwisho ilirushwa pale mwaka 1988, lakini kituo hakijafa. Setilaiti za eksirei kama NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, na IXPE, ya mwaka 2021, hushusha takwimu zao kupitia dishi la Malindi. Unaponunua samaki Ngomeni leo, habari za mashimo meusi zinapita juu ya kichwa chako kwenda kwa wasomi wa mbali.

Jibu la yule binti

Jumamosi iliyofuata nilirudi Thika nikiwa nimejiandaa. Sikuanza na mtihani. Niliandika ubaoni "12 Desemba 1970" nikauliza ni siku gani. Wakajibu Jamhuri. Nikawaambia habari ya Uhuru, kisha ya wale wanafunzi wa VLA, kisha ya kimya cha Luhman 16. Yule kijana wa nyuma aliuliza maswali manne. La kwanza lilikuwa, "Kwa hivyo iliondoka hapa kwetu?"

Kwa mwalimu au mzazi anayesoma haya, kuna la kufanya bila fedha nyingi. Takwimu za Chandra huwekwa wazi kwa kila mtu baada ya muda wa watafiti wake kuisha. Kuna pia mradi wa kujitolea uitwao Backyard Worlds, ulioanza mwaka 2017, ambapo mtu yeyote mwenye intaneti hulinganisha picha za infraredi akitafuta nukta inayosogea. Mwaka 2020 mradi huo ulitangaza vitu baridi 95 vya jirani, vingi vikiwa vibete vya kahawia, vilivyopatikana kwa msaada wa watu wa kawaida. Inahitaji kompyuta ya saiba na subira, basi.

Kwa wenye madaraka ya elimu kwetu Pwani, ombi langu ni moja. Mtoto wa Kilifi afundishwe kwamba elimu ya eksirei za angani ilipata setilaiti yake ya kwanza kutoka bahari anayoogelea. Hilo halihitaji maabara wala bajeti. Linahitaji sentensi mbili kwenye somo la mawimbi.

Binti alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akafungua lile daftari. Alikuwa amegawanya 4.75 kwa 2.8 akapata jibu, akalipigia mstari mara mbili. Akaniuliza, "Mwalimu, hiki kilicho kimya, si watajaribu tena?"

Nikamwambia watajaribu. Na hakuna sheria inayosema wawe wao peke yao.